Kugeuza kero yako kuwa biashara ya mtandaoni: anzia kwenye kiraka

Ujumbe wa kwanza wa kudai malipo hauna taabu: "Habari za kazi, naambatisha ankara." Wa pili unakuwa na samahani mbili ndani yake. Wa tatu unauandika saa nne usiku, unaufuta, unauandika upya, unaongeza "kama hutajali", unayaondoa maneno hayo, kisha unafunga kompyuta bila kuutuma. Nimefanya kazi za tafsiri kwa kujitegemea miaka mingi, na haukupita mwezi nisiwe na ujumbe wa tatu uliolala kwenye rasimu. Siku moja nikasema basi, hapa pana biashara.

Ilikuwapo kweli, ila nilikwenda kuitafuta pasipo penyewe, nikapoteza karibu mwaka mzima. Hapa chini ni njia ambayo ningeifuata leo kama ningeanza upya. Nimeipanga kwa hatua, lakini hatua zenyewe hazilingani uzito: nyingine ni kazi ya jioni moja, nyingine itakula miezi.

Hatua ya 1: Andika kero ingali moto

Chukua daftari, au fungua faili moja kwenye simu, na kwa wiki tatu andika kila mara kero inapokupata. Usiandike "wateja hawalipi kwa wakati". Hilo ni lalamiko, na lalamiko halina pa kushika. Andika tukio: "Jumanne, saa nne usiku. Ankara ina siku 41. Nimetumia dakika 25 kuandika mistari mitatu. Sikutuma." Weka muda ulioupoteza, ulichofanya, na ulichokiogopa.

Daftari hilo litakuonyesha mambo mawili. La kwanza ni mara ngapi. Kero inayokuja mara moja kwa mwaka ni ngumu kuijengea biashara, maana itakaporudi mtu atakuwa ameshakusahau. Ya kila wiki ina nafasi nzuri zaidi. La pili ni mahali penyewe panapouma, ambapo mara nyingi hapafanani na jina uliloipa kero. Daftari langu lilisema waziwazi kwamba sikuwa nikisahau kudai. Nilikuwa naona haya kudai. Nikalisoma, nikalipuuza, nikajenga programu ya kumkumbusha mtu kwamba leo ni siku ya kudai. Huo ndio mwaka wenyewe niliopoteza.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe unakilalia. Mwenye mtaji mkubwa anaweza kuajiri watafiti kumi, lakini hawatajua kwa nini uliondoa "kama hutajali".

Neno moja la pembeni: usisubiri tukio la kusimulia. Visa vya kuzaliwa kwa kampuni kubwa husafishwa baadaye. Reed Hastings wa Netflix alizoea kueleza kwamba wazo lilimjia baada ya kutozwa faini ya dola 40 kwa kuchelewesha kanda ya video. Marc Randolph, aliyeianzisha kampuni hiyo pamoja naye mwaka 1997, amesema mambo hayakuanza hivyo. Kwa miaka ilisemwa pia kwamba eBay, tovuti ya minada, ilizaliwa ili mchumba wa mwanzilishi wake, Pierre Omidyar, apate watu wa kubadilishana naye vikasha vya peremende za Pez. Hiyo ilitungwa na kitengo cha mawasiliano cha kampuni ili waandishi wa habari wapate cha kuandika. Kero yako inaweza kuwa haina kisa kitamu hata kidogo, na bado ikalipa.

Hatua ya 2: Tafuta kiraka

Ukiniuliza hatua moja ya kutoiruka, ni hii.

Kero peke yake haiuziki. Watu wanakerwa na mambo elfu na wanaishi nayo. Kinachouzika ni kitu bora kuliko kile ambacho mtu tayari anakifanya ili kero ipungue: Excel aliyojitengenezea, kundi la WhatsApp, kengele ya simu, mdogo wake anayemwomba msaada kila mwisho wa mwezi, saa mbili za Jumapili. Hicho nakiita kiraka. Mwenye kiraka ameshaanza kulipa, hata kama halipi kwa pesa. Asiye na kiraka atakusikiliza vizuri, atatikisa kichwa, kisha ataondoka kama alivyokuja.

Kiraka changu kilikuwa faili la Excel lenye mistari ya rangi: kijani amelipa, njano nimemkumbusha, nyekundu namwogopa. Nilipoanza kuwauliza wengine wafanyao kazi za kujitegemea, mchora katuni mmoja alinionyesha kiraka kilichonishinda. Alikuwa amefungua anwani ya pili ya barua pepe kwa jina la "Idara ya Hesabu". Idara hiyo haikuwapo. Alikuwa yeye mwenyewe, na kupitia anwani hiyo aliweza kudai bila haya. Nilicheka sana. Ingenipasa nifunge kompyuta siku ile ile na kuanza upya, kwa sababu biashara nzima ilikuwa mle ndani: watu wanataka mtu mwingine awe ndiye anayedai.

Kiraka kikubwa kuliko vyote ninavyovijua ni Slack, programu ya kuandikiana kazini. Kampuni ya Stewart Butterfield, Tiny Speck, ilikuwa ikitengeneza mchezo wa mtandaoni ulioitwa Glitch, na timu yake ilitawanyika kati ya Marekani na Kanada. Ili waweze kuelewana, wakajiundia chombo chao cha kuandikiana, juu ya teknolojia ya zamani ya gumzo la mtandaoni iitwayo IRC, wakikiongezea kitu kila walipokwama. Hawakukiona kama bidhaa. Mchezo ukafungwa mwaka 2012 kwa kukosa wachezaji wa kutosha, na walipotazama kilichobaki mkononi wakaona kwamba hawangeweza tena kufanya kazi bila kiraka kile. Wakakitoa kwa watu mwaka 2013; mwaka 2021 kampuni ya Salesforce ilikamilisha kukinunua kwa zaidi ya dola bilioni 27.

Kwa hiyo kazi ya hatua hii ni kuorodhesha viraka, vyako na vya wengine. Omba uonyeshwe, usikubali kusimuliwa tu. Mtu akisema "huwa naandika mahali", mwambie akufungulie hapo mahali. Tazama safu alizozipa majina ya ajabu, angalia alichokiweka rangi nyekundu.

Hatua ya 3: Ongea na watu, lakini usiwaombe maoni

Swali baya kuliko yote ni hili: "Nina wazo la programu ya kadha wa kadha, unalionaje?" Mtu mwenye adabu atakujibu ni wazo zuri sana, akuombe umjulishe ikiwa tayari. Maneno matupu hayavunji mfupa. Nilikusanya sifa za namna hiyo kwa watu zaidi ya thelathini, na walioingiza kadi zao za benki hawakufika watatu.

Uliza yaliyokwisha kutokea. Mara ya mwisho ilikuwa lini? Ulifanya nini? Ilikuchukua muda gani? Umewahi kutafuta cha kukusaidia? Ulikitumia kwa muda gani, na kwa nini ukakiacha? Swali hilo la mwisho ni dhahabu. Aliyetafuta suluhisho, akalipia, akaliacha, atakueleza mengi kuliko watu kumi wanaokupongeza.

Watu 15 hadi 20 wanatosha kuanzia, mradi nusu yao wasiwe jamaa zako. Nyamaza mara tu baada ya kuuliza. Ukiona unaanza kuieleza programu yako, ujue mazungumzo yamekwisha na sasa unauza.

Hatua ya 4: Wapitie waliotangulia

Jioni moja inatosha. Usikate tamaa ukikuta wapo kumi. Mimi ningeogopa zaidi kukuta hayupo hata mmoja. Tope Awotona, mzaliwa wa Lagos aliyehamia Marekani akiwa kijana, alikuwa muuzaji wa programu aliyechoshwa na barua pepe za kwenda na kurudi ili tu kupanga mkutano mmoja. Alipotafuta suluhisho alikuta programu za kupanga miadi zipo tele, akazipitia, akaona nyingi ni nzito na hazikumfikiria yule anayealikwa. Calendly aliyoianzisha mwaka 2013 ikakaa kwenye pengo hilo. Kabla yake alikuwa amejaribu kuuza projekta na majiko ya bustani mtandaoni, vitu ambavyo mwenyewe hakuvipenda, vikafa.

Soma malalamiko ya wateja wa hao waliotangulia, hasa ya wale waliotoa nyota mbili au tatu. Wa nyota moja mara nyingi ana hasira tu. Wa nyota tatu alikitaka kitu, akakitumia, kikamwangusha mahali fulani, na anapataja.

Hatua ya 5: Fanya kwa mkono kwanza

Kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu au kumlipa mtu akuandikie, tafuta sehemu moja ya wazo ambayo ikiwa si kweli, yote yaliyobaki hayana maana. Ijaribu hiyo peke yake, kwa njia rahisi kuliko zote.

Kwa Randolph na Hastings, waliotaka kukodisha filamu kwa posta, swali lilikuwa kama diski inaweza kusafiri kwa posta bila kuvunjika. DVD zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia sokoni, nao hawakuwa nayo hata moja, kwa hiyo wakanunua CD ya muziki, wakaitia kwenye bahasha, wakaituma nyumbani kwa Hastings. Ikafika nzima. Gharama ilikuwa CD moja na stempu.

Kwa Nick Swinmurn, mwaka 1999, swali lilikuwa kama watu watanunua viatu wasivyovijaribu mguuni. Naye alikuwa amezunguka madukani akitafuta jozi fulani asiipate. Alikwenda kwenye duka la viatu, akaomba ruhusa apige picha, akaziweka kwenye tovuti. Oda ilipoingia alirudi dukani, akanunua kiatu kwa bei ile ile ya rafuni, akakituma. Alipata hasara kwa kila jozi, lakini alipata jibu, na tovuti hiyo ndiyo iliyokuwa Zappos.

Drew Houston, aliyechoka kusahau flashi yake (mara moja akiwa ndani ya basi la kutoka Boston kwenda New York), alikuwa na tatizo jingine: Dropbox, huduma yake ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, haikuwezekana kufanywa kwa mkono. Akatengeneza video fupi ya kuonyesha namna itakavyofanya kazi. Ilipozagaa mwaka 2008, orodha ya wanaosubiri ikapanda kutoka watu 5,000 hadi 75,000 kwa usiku mmoja.

Mimi, mara ya pili, nilichukua watu watano. Nikawaambia wanipe ankara zilizochelewa na anwani za wadaiwa, nami nitaandika kwa niaba yao, kwa jina la huduma, kila siku ya tatu asubuhi. Hakukuwa na programu yoyote. Kulikuwa na mimi, kahawa, na faili lile lile la rangi. Nilifanya hivyo wiki sita. Nikajifunza kwamba ujumbe mfupi wenye namba ya ankara na tarehe hulipwa haraka kuliko ule wenye maelezo. Nikajifunza pia kwamba wenye pesa zao walitaka kuuona kila ujumbe kabla haujaondoka, jambo ambalo nisingelifikiria hata ningekaa chini miezi sita nikichora michoro. Mmoja alibadilisha neno "tunaomba" kuwa "tunategemea", kisha akalirudisha, kisha akanipigia simu kuuliza lipi ni bora. Leo kitufe cha "nionyeshe kwanza" ndicho kinachobonyezwa kuliko vyote.

Hatua ya 6: Toza mapema kuliko unavyoona haya

Wale watano niliwatoza tangu wiki ya pili. Mmoja akajitoa, wanne wakalipa bila neno. Aliyejitoa alinifundisha zaidi: kwake kero ilikuwa ya mara mbili kwa mwaka.

Omidyar wa eBay hakuwa na mpango wa kutoza. Mnada wake wa mtandaoni wa mwaka 1995 ulikuwa wa bure, na kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya leza iliyovunjika, kwa dola 14.83. Kisha kampuni iliyompa huduma ya intaneti ikampandishia bili hadi dola 250 kwa mwezi kwa sababu tovuti ilikuwa na wageni wengi. Akaanza kudai asilimia ndogo ya kila mauzo, akitegemea uaminifu tu. Bahasha zenye hundi zikaanza kuingia.

Kuhusu kiasi, rudi kwenye kiraka. Kama kinamla mtu saa tatu kwa mwezi, bei yako ishindane na thamani ya saa tatu zake. Usiishindanishe na bei ya programu nyingine iliyo jirani nawe kwenye simu yake. Anza juu kidogo. Kushusha bei ni tangazo la furaha. Kupandisha ni barua ya kuomba radhi.

Hatua ya 7: Sasa jenga, na kidogo

Hapa nitapita haraka, kwa sababu ndipo wengi wanapopapenda kupita kiasi. Jenga ile sehemu uliyokuwa ukiifanya kwa mkono mara nyingi kuliko zote, basi. Nyingine endelea kuzifanya kwa mkono huku mteja akidhani ni mashine. Kama hujui kuandika programu, kuna majukwaa ya kuunganisha fomu, jedwali na barua pepe bila kuandika mstari mmoja. Yatakufikisha kwa wateja wa kwanza hamsini. Malipo usiyajenge mwenyewe, tumia huduma iliyopo. Namba za kadi za watu zisikae kwenye sava yako hata usiku mmoja. Chukua data unazozihitaji tu, na ujue sheria ya faragha ya mahali walipo wateja wako inadai nini kabla hujachukua hata jina.

Na sajili jina la tovuti linalotamkika kwenye simu. Langu la kwanza lilikuwa na herufi mbili zilizorudiwa, na kila mara nililitaja mara tatu.

Hatua ya 8: Wateja wa kwanza huendewa mmojammoja

Mwaka 2009 Airbnb, tovuti ya watu kupangisha nyumba zao kwa wageni, ilikuwa imekwama kwenye mapato ya kama dola 200 kwa wiki. Brian Chesky na Joe Gebbia wakakaa wakizitazama kurasa za wenyeji wao wa New York, wakaona picha ni mbaya: za simu, za giza. Wakapanda ndege, wakabisha hodi nyumba kwa nyumba, wakapiga picha wenyewe kwa kamera nzuri. Wiki iliyofuata mapato yakawa maradufu. Kamwe hungepata jibu hilo kwa kutazama takwimu ofisini.

Nenda mahali ambapo watu wanalalamikia kero yako, na kwanza uwe wa msaada kwa wiki kadhaa bila kutaja bidhaa. Kisha waandikie wenye viraka ulivyoviona. Keti nao, kwa simu au ana kwa ana, wakati wanaitumia kwa mara ya kwanza, na jizuie mdomo wanapobonyeza pasipo penyewe.

Jiulize pia kama bidhaa yako inaonekana inapotumika. Kila anayemtumia mwenzake kiungo cha Calendly amemwonyesha mtu mwingine bidhaa hiyo bila kulipwa. Huduma yangu huandika mstari mdogo chini ya kila kumbusho, na nimeshapata wateja waliokuwa wadaiwa.

Hatua ya 9: Hesabu wanaobaki

Idadi ya waliojiunga inalewesha. Hesabu moja itakulevua. Chukua wateja 100. Ukipoteza 8 kati ya kila 100 kwa mwezi, baada ya mwaka umebakiwa na kama 37. Ukipoteza 3, umebakiwa na kama 69. Tofauti ya watu watano kwa mwezi ndiyo tofauti ya biashara na ndoo iliyotoboka, na hakuna tangazo litakalokuziba tundu hilo. Kila anayeondoka, mwandikie mwenyewe, sentensi mbili, umuulize amerudi kwenye nini. Akijibu kwamba amerudi kwenye Excel yake, kiraka kimekushinda, na unajua pa kwenda kutazama.

Hatua ya 10: Kazi ya mshahara, na lini kufunga

Awotona aliweka akiba yake yote kwenye Calendly, kama dola 200,000, na mwaka 2021 kampuni ikathaminiwa dola bilioni 3. Tunamjua kwa sababu ilifaulu. Walioweka akiba zao zote zikapotea hawaalikwi jukwaani kusimulia, kwa hiyo usimwige kwenye hilo. Baki na kazi yako mpaka biashara ilipe angalau nusu ya mahitaji yako kwa miezi sita mfululizo. Wawekezaji wanaweza kusubiri. Biashara nyingi za namna hii hazitawahi kuwahitaji.

Jiwekee tarehe ya kufunga kabla hujaanza, uiandike kwenye lile daftari la kero. Yangu ilikuwa: ikifika mwezi wa kumi bila wateja ishirini wanaolipa, nafunga. Ikafika. Nilikuwa na watumiaji kumi na mmoja, na wanaolipa wawili.

Ukifunga, funga kwa heshima. Waarifu watu siku 60 kabla, warudishie pesa ya miezi ambayo haijafika, na wape data zao katika faili linalofunguka bila programu yako. Niliwaandikia wote kumi na mmoja, mmojammoja, nikiomba radhi. Wengi hawakujibu. Wawili walijibu siku ile ile, na mmoja wao hakuuliza chochote kuhusu programu wala pesa zake. Aliandika mstari mmoja: "Sasa yule mdaiwa wangu wa siku 60 nani atamwandikia? Wewe huwezi kumwandikia tu?"

Nikamwandikia yule wa siku 60. Akalipa Ijumaa.